Kwanini waziri wa afya hamtumbui tu mganga wa zahanati yenu

Mkuu umeuliza kwanini waziri wa afya asitoke Dodoma aje amtumbue mganga mfawidhi wa zahanati yenu yaishe. Mimi nimekaa miaka saba mfamasia wa wilaya, ngoja nikupe nilichokiona.

Kwanza yule mganga sio mtu wake. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, vyote vya halmashauri, na halmashauri iko TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wizara inatoa sera na miongozo, hospitali zake ni kuanzia rufaa za mikoa, na hizo nazo zilikuwa TAMISEMI mpaka Magufuli alipoagiza 2017 zihamishiwe wizarani. Kibali cha ajira Utumishi, hela Hazina, dawa MSD, bohari ya dawa ya serikali. Ila panado ikikosekana anayebanwa bungeni ni waziri wa afya. Mgomo wa madaktari 2012 si mnaukumbuka? Watu walikuwa wanadai mishahara na posho, vitu ambavyo waziri hana funguo zake, Mei waziri wa wakati ule na naibu wake wakaachwa nje ya baraza, na Juni madaktari wakagoma tena.

Sasa kisa changu. Kuna mwaka tulipata ugeni wa waziri, jina na wilaya niachieni. Mama mmoja akanyoosha mkono akasema mtoto ana malaria, dawa ya mseto hakuna, kila siku anaambiwa akanunue duka la dawa. Waziri akakunja uso, akatoa siku saba dawa ziwepo, makofi, kamera zinamulika, na mimi nimejibanza nyuma ya mwembe jasho linanitoka maana lile tatizo lilipita mezani kwangu. Zahanati ile ilikuwa na nesi mmoja na mhudumu, nesi huyohuyo ndio anazalisha, ndio anachanja, ndio anajaza leja na fomu ya kuagiza dawa, akakosea hesabu za matumizi, nikamrudishia arekebishe, nikasahau kufuatilia (nilikuwa na vituo zaidi ya thelathini jamani), muda wa kuagiza ukapita. Hakuna aliyeiba hata kidonge. Jioni kwenye taarifa ya habari lawama zote ni za wizara, mimi hata jina halikutajwa, na kusema kweli nilifurahi.

Dawa zilifika siku ya tano. Tulizichota kituo cha afya cha tarafa ya pili tukazipakia kwenye pikapu ya halmashauri, mafuta tulichangishana, tukapiga picha makasha yakishushwa, picha zikapanda mkoani mpaka wizarani, agizo limetekelezwa. Mwezi uliofuata wale tuliochota kwao wakaishiwa wao, na sidhani kama kuna mtu alimwambia waziri yale makasha yalitoka wapi.