Zaatari ya kikohozi: usichemshe ile ya kulia mkate kama mimi

Dada uliyeuliza kama zaatari inafaa kwa kikohozi cha mtoto wa miaka minne, na kama ndiyo hiyohiyo kivumbasi: kivumbasi siyo, ni mimea miwili tofauti. Ila kabla hujaenda dukani ngoja nikusimulie yaliyonikuta.

Kwetu Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, marehemu bibi alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa zaatari ya kuletewa na ndugu zake wa Omani. Ukikohoa usiku tu, unasikia kijiko kinabandua kifuniko. Vijani vyenyewe vidogo kuliko punje ya mchele, rangi kama majivu yenye ukijani, ukivifikicha kiganjani harufu inakupanda puani kama dawa ya kusukutulia. Na ndiyo yenyewe, maana kinachonukia pale ni thimoli, ambayo hadi leo inatiwa kwenye dawa za kusukutulia.

Bibi alipoondoka nikaenda kununua mwenyewe. Nikasema tu "nipe zaatari", nikapimiwa, nikachemsha. Kumbe nimepewa ile ya kuchovyea mkate na mafuta ya zeituni! Ina ufuta, chumvi na ule unga mwekundu mchachu. Ufuta ukaelea kikombe kizima. Mwanangu akaonja, akaniuliza, "Baba, hii supu ya nini?"

Kwa hiyo sema unataka majani matupu. Waarabu wenyewe jina zaatari wanalipa mimea kadhaa inayofanana harufu. Ile ya mwituni inayotambaa chini, Thymus serpyllum kwa jina la kitaalamu, asili yake Ulaya na upande wa Siberia, na Wajerumani wanainywa kwa kikohozi miaka mingi. Ya karibu nasi zaidi ni ya milima ya Ethiopia, wao wanaiita tosign, wanaitia kwenye chai. Kivumbasi ni ukoo wa mrihani. Hicho bibi alitufukiza nacho tukiwa na mafua, shuka kichwani, na jioni alikichoma kufukuza mbu. Hakuwahi kukichanganya na zaatari.

Mimi natia kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe, namimina maji yaliyochemka, nafunika dakika 10. Usiache wazi, ile harufu inayopotea na mvuke ndiyo dawa yenyewe. Mtoto nampa nusu kikombe, ikiwa vuguvugu, na asali kidogo (asali usimpe aliye chini ya mwaka mmoja). Inalainisha makohozi, basi. Mtoto akihema kwa shida, mbavu zinaingia ndani, au ana homa kali, acha kikombe mezani umkimbize hospitali.

Mafuta ya zaatari ya kichupa ndiyo usimguse nayo mtoto kabisa, wala asiyanywe. Mimi mtu mzima nilijipaka kifuani bila kuyachanganya na mafuta ya nazi, ngozi ikawa nyekundu siku mbili, shati silivumilii.

Kuhusu kupanda zaatari: hapa mjini nilijaribu kwenye kopo, nikaimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha, mizizi ikaoza. Inataka jua na udongo wa changarawe usiotuamisha maji. Binamu yangu kule Soni, Lushoto, imemkubali vizuri, na siku hizi huniletea fungu ndani ya tenga la karoti.