Siku tatu Tanga: usiishie Amboni, na uliza kwanza maji yanakupwa saa ngapi

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba utakuwa Tanga kwa siku tatu pamoja na watoto wako wawili wa sekondari, kwamba kila unayemuuliza anakutajia Mapango ya Amboni na kunyamaza, na kwamba hujui siku mbili zinazobaki utazifanyia nini. Niliishi mjini hapo miaka kumi na moja kabla ya kuhamishwa kikazi, na kwa kuwa nyumba yangu haikukauka wageni, njia za huko nimezipita mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa maoni yangu Amboni inastahili nusu siku, si zaidi, na sehemu kubwa ya ratiba yako itaamuliwa na bahari kabla hujaiamua wewe.

Nianze na hiyo Amboni, maana watoto hawatakubali kuikosa. Mapango yako Kiomoni, kilomita zipatazo 8 kaskazini mwa mji, kando ya njia ya kwenda Horohoro. Ni mawe ya chokaa yaliyokuwa chini ya bahari miaka milioni 150 hivi iliyopita, na yapo mapango kumi, ingawa wageni huingizwa katika moja tu. Ndani kuna giza la kweli, kuna popo, na kuna mahali ambapo mtu mzima hulazimika kuinama hadi kutambaa, kwa hiyo vaa viatu vinavyoshika na uwe na tochi yako mwenyewe badala ya kutegemea ya kiongozi peke yake. Utaonyeshwa mahali pa mzimu ambapo watu huacha sadaka na kuomba, na hapo nakusihi uwaonye vijana wasicheke, kwa sababu wapo wanaokuja kwa haja zao na si kwa utalii. Utasimuliwa pia habari za Otango, aliyejificha humo miaka ya 1950 akiwakimbia Waingereza, na vilevile kwamba njia mojawapo hutokea Mombasa. Masimulizi hayo ya Mombasa yasikilize kwa raha yake, lakini ujue kwamba wachunguzi wa Kijerumani na Kituruki walioyapima mapango hayo mwaka 1994 hawakupata lolote lililofikisha hata kilomita moja. Kufikia saa tano asubuhi utakuwa umemaliza.

Mahali ambapo mimi ningekaa zaidi ni Tongoni, na hunishangaza kwamba watu huipita wakielekea Pangani bila hata kupunguza mwendo. Iko kusini mwa mji, mwendo usiofika kilomita 20, na jina lenyewe limekwisha kukuambia utakachokiona, kwani tongo ni mahali palipohamwa pakabaki magofu. Hapo pana msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambao kuta zake baadhi zimesimama hadi leo, na kuuzunguka yapo makaburi zaidi ya 40, idadi ambayo ni vigumu kuikuta mahali pengine pamoja katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Baadhi ya makaburi hayo yalikuwa na nguzo ndefu, na nyingi zimeanguka na kulala ubavuni mwa kaburi kama gogo. Mwambie kiongozi akuonyeshe vishimo vya mviringo vilivyomo kwenye nguzo na kuta za makaburi: humo zilipachikwa bakuli za kauri zilizoletwa kutoka ng'ambo, na bakuli zenyewe zimekwisha kung'olewa. Mtoto akishika kishimo hicho kwa kidole chake huelewa biashara ya Bahari ya Hindi kuliko alivyoielewa darasani kwa muhula mzima.

Ukiwa hapo, elekea baharini utazame. Vasco da Gama alipopita mwambao huu mwezi wa Aprili 1498, jahazi lake moja, São Rafael, lilikwama kwenye mafungu ya upande huo wa Mtang'ata, jina la kale la sehemu hii ya pwani, likanasuka maji yalipojaa. Mwezi wa Januari 1499, aliporudi kutoka India, mabaharia wake walikuwa wamekufa kwa wingi hata hawakutosha kuendesha majahazi yote, naye akaamua kulichoma lile lile. Nenda alasiri jua linapolegea, kwa sababu adhuhuri mawe huwaka na kivuli ni haba.

Jambo la bahari nililolitaja nililijifunza kwa aibu. Ghubani mbele ya mji kuna kisiwa cha Toten, chenye magofu ya msikiti na makaburi yaliyofunikwa na miti. Mara ya kwanza nilikodi dau saa moja asubuhi siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, nikiwa na shemeji zangu watatu waliovaa nguo za kupigia picha, na nahodha hakusema kitu kwa kuwa sikumuuliza. Tulipotoka magofuni saa tatu na nusu maji yalikuwa yamekwisha kwenda zake, dau limekaa topeni, nasi tukangoja chini ya mikoko hadi baada ya adhuhuri. (Shemeji mmoja hunikumbusha mpaka leo.) Kanuni niliyoishika tangu siku hiyo ni kwamba siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu na bahari haijai wala haipwi sana, saa hizo huwa yamejaa. Kwa hiyo Toten ni safari ya asubuhi ya maji mafu.

Kinyume chake ni Maziwe, fungu la mchanga lililo baharini mkabala na Ushongo, kusini mwa Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikuwa wakitaga humo. Miti ikaisha, mchanga ukamomonyoka, na sasa maji yakijaa hufunikwa chote. Huko unakwenda asubuhi ya bamvua, unaogelea juu ya matumbawe huku mchanga ukiwa umejitokeza, na unaondoka nahodha anaposema tuondoke, bila mjadala. Siku hiyo hiyo, kabla ya kurudi Tanga, pitia mji wa Pangani wenyewe, ambako Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga, mwezi wa Desemba 1889.

Mjini kwenyewe saa tatu za kutembea kwa miguu zinatosha: boma la Wajerumani, mnara wa saa, halafu Raskazone, ambako jeshi la Waingereza lilishuka mwezi wa Novemba 1914 likiwa na watu wapatao 8,000 na kushindwa na kikosi kidogo mno cha Wajerumani na askari wao Waafrika. Nyuki waliovurugwa na risasi waliwashambulia wapiganaji, na kisa hicho watoto hukipenda kuliko tarehe zake.

Amani, kule milima ya Usambara Mashariki juu ya Muheza, ni pazuri sana, lakini usiibane katika siku tatu hizi. Barabara ya kupanda haitaki haraka, na msitu ule unahitaji ulale huko.

Basi ukifika, uliza mwezi uko wapi. Ikiwa ni bamvua, siku ya kwanza iwe ya Maziwe na Pangani, ya pili Amboni asubuhi na Tongoni alasiri, ya tatu mjini. Ikiwa ni maji mafu, Maziwe iache, asubuhi ya siku ya kwanza uipe Toten, na Pangani uiunganishe na Tongoni wakati wa kurudi. Nahodha mkubaliane nauli ya kwenda na kurudi kabla hamjapanda, na umlipe mkishashuka.