Mama na bibi wana kisukari. Na mimi lazima nikipate?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naishi Igoma hapa Mwanza, kutwa nzima nimekaa dukani. Mama ana kisukari, na bibi mzaa mama alifariki nacho. Kaka yangu ni mvuvi Ukerewe, yeye ni mzima. Je, ni kweli kipo kwenye damu yetu na siwezi kukikwepa?

JIBU: Marahaba. Kukikwepa unaweza, na nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu wengi hukata tamaa kabla hata ya kupima.

Nazungumzia aina ya pili, ile ya ukubwani. Mtu mwenye mzazi mmoja anayeugua, uwezekano wake wa kuugua maishani hukadiriwa kufika asilimia 40. Ni mkubwa, sikufichi. Ila unachorithi ni wepesi wa kuugua. Zipo jeni mamia zinazohusika, nyingi zikichangia kidogo kidogo. Yenye mchango mkubwa zaidi kati ya zile za kawaida, TCF7L2, hupunguza uwezo wa kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu.

Sasa tazama Wapima (Pima), kabila la wenyeji wa Amerika, watu wa asili moja. Baadhi wako Arizona, Marekani, wengine wamebaki milimani Mexico. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa asilimia 38 ya watu wazima wa Arizona. Wa Mexico, asilimia 7 hivi tu. Hawa wa milimani walikuwa wakilima kwa mikono, wakila mahindi na maharage, na wembamba zaidi. Kwa hiyo huenda kaka yako amebeba jeni zilezile, ila kazi yake ya kuvuta nyavu inamlinda.

Marekani pia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watu ambao sukari yao ilishaanza kupanda walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari ilishuka kwa asilimia 58. Hata waliorithi TCF7L2 ya hatari kutoka kwa wazazi wote wawili walifaidika.

Basi wewe anza na soda za hapo dukani, ziache. Ugali upungue, mboga na dagaa viongezeke, na jioni utembee kwa haraka. Wiki hii pima sukari asubuhi kabla hujala: 6.1 hadi 6.9 (kwa kipimo cha mmol/L) ni onyo, 7.0 na kuendelea, kipimo kirudiwe kuthibitisha. Usisubiri kiu wala kukojoa mara kwa mara. Na kaka akija mjini, naye apime.