Maswali Yenu: Kuomba Ruzuku kwa Wakfu wa Jamii

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa asasi ndogo zinazotaka kuomba ruzuku kwa wakfu wa jamii, yaani chombo kinachopokea michango ya watu wa eneo fulani, kuiwekeza, kisha kugawa mapato yake kwa kazi za eneo hilohilo. Tumechagua maswali yaliyojirudia zaidi.

Tumepeleka andiko letu la maktaba ya watoto kwa wakfu tatu. Zote zimetukatalia kwa barua fupi isiyoeleza sababu, ingawa andiko liliandaliwa na mtaalamu na kila aliyelisoma alilisifu. Tumekosea wapi? – Katibu wa asasi ya elimu

Ndugu katibu, andiko moja halikidhi wakfu tatu hata likiwa zuri namna gani, kwa sababu fedha za wakfu wa jamii zina wenyewe. Utaratibu huu ulianza mwaka 1914 mjini Cleveland, Marekani, kwa juhudi za Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa akiongoza benki. Aliona mali nyingi zimeachwa kwa wosia ili zifanye kazi ambazo wakati wake umeshapita, na hakuna awezaye kuzielekeza kwingine. Akaunda mfuko mmoja wa kupokea wosia za watu wengi, na kamati ya wakazi ikapewa mamlaka ya kuamua mapato yake yasaidie nini kadiri mahitaji yanavyobadilika.

Mpaka leo wakfu wa jamii si sanduku moja la fedha; ndani yake mna mifuko mingi. Upo mfuko huru, ambao kamati inaweza kuutumia kwa jambo lolote jema. Upo uliofungwa kwenye fani moja, kama afya ya mama na mtoto au mazingira. Upo unaokwenda kwa asasi zilizotajwa kwa jina tangu mwanzo, na huo usiutolee jasho. Upo pia ambao mtoaji angali hai na ndiye anayependekeza nani apewe. Ombi lenu likifika, afisa wa ruzuku hujiuliza kwanza litaingia mfuko gani. Maktaba ya watoto mnaiona ni elimu, lakini huenda mfuko wa elimu wa wakfu huo ni wa kulipia karo za sekondari tu. Hapo ombi linahamia mfuko huru, ambako kila mtu anashindana na kila mtu.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya kuandika. Someni tangazo la maombi mara mbili, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi: mipaka ya eneo, kiwango cha juu, wasiostahili, na gharama zisizolipwa. Wakfu nyingi hazilipi madeni, kampeni za siasa wala gharama zilizotumika kabla ya ruzuku kuidhinishwa. Kisha tafuteni orodha ya waliopewa katika miaka miwili au mitatu iliyopita. Orodha hiyo husema ukweli kuliko tangazo: nani alipata, kiasi gani, kwa kazi ipi. Kama hakuna hata asasi moja ya ukubwa wenu iliyowahi kupata, tafuteni kwingine.

Baada ya hapo, na kabla ya kuandika andiko, mwandikieni afisa wa ruzuku barua pepe ya sentensi tano au sita: ninyi ni nani, mnafanya kazi wapi, mnataka kufanya nini, kwa watu wangapi, na mnakusudia kuomba kiasi gani. Malizeni kwa maswali mawili: je, kazi hii inaingia kwenye awamu hii, na ingeingia mfuko upi? Msimuulize lililo kwenye tangazo, mtaonekana hamkusoma. Asasi nyingi huona haya kupiga hodi mapema na hapo hujinyima msaada wa bure, kwani kujibu maswali haya ni sehemu ya kazi ya afisa huyo.

Na kuhusu mtaalamu. Katika kamati za wakfu wa jamii huketi wakazi wa hapohapo, wanaoijua mitaa na shule zake. Mtu aliyeandika bila kukanyaga mahali hugundulika haraka. Sentensi kama “kukuza utamaduni wa usomaji miongoni mwa watoto walio katika mazingira magumu” ingeweza kuandikwa na yeyote kuhusu popote. Linganisheni na hii: “Shule iliyo jirani nasi haina maktaba. Walimu wa darasa la tatu wametupa orodha ya watoto 40 wasioweza kusoma aya moja bila kusaidiwa.” Ya pili haina pambo lolote, lakini haiandikwi ila na aliyekwenda shuleni akaongea na walimu.

Kikundi chetu hakijasajiliwa. Je, tusubiri cheti ndipo tuombe? – Mwenyekiti wa kikundi cha vijana

Si lazima. Wakfu nyingi hukubali kikundi kiombe kupitia asasi iliyosajiliwa, ambayo hupokea fedha kwa niaba yenu, huweka hesabu na huwajibika kisheria. Ulizeni kwanza kama wakfu mnaoukusudia unaruhusu.

Ukiruhusu, msiingie kwa kuaminiana tu. Wekeni mkataba wa maandishi unaoeleza asasi mwenyeji itakata asilimia ngapi (mara nyingi kati ya 5 na 10), fedha zitatoka kwa siku ngapi baada ya nyinyi kupeleka madai, nani anaandika ripoti, na vifaa vitakavyonunuliwa vitakuwa vya nani mradi ukiisha. Hilo la vifaa ndilo linalowagombanisha watu, na ndilo linalosahaulika kuandikwa. Makato yenyewe yaonekane kwenye bajeti tangu mwanzo. Yakijitokeza baadaye, mtalazimika kupunguza kazi mliyoahidi.

Wakati huohuo endeleeni na usajili, na mjiwekee mambo mawili ambayo hayahitaji cheti: mihtasari ya vikao iliyosainiwa, na daftari la fedha lenye stakabadhi ya kila tumizi.

Bajeti ndiyo inayotushinda. Tuombe kiasi gani, tuandikeje, na je, ni aibu kuweka mishahara na kodi ya ofisi? – Mweka hazina

Ndugu mweka hazina, hapa ndipo maombi mengi mazuri huzama, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Tuanze na kiasi. Chukueni ile orodha ya waliopewa, muwatazame waliopata kwa mara ya kwanza, nanyi muombe karibu na katikati ya viwango vyao, msiguse kilele. Pili, linganisheni na matumizi yenu ya mwaka mzima. Sisi tungeona robo ni kiasi cha busara kwa mwombaji mpya, na theluthi ndiyo mwisho. Asasi ikiomba fedha zinazozidi matumizi yake ya mwaka, kamati huwa na shaka mbili: je, wataweza kuzisimamia, na zikiisha watabaki na nini?

Sasa kuandika. Kila mstari wa bajeti uoneshe hesabu iliyouzaa, si jumla peke yake. Tuchukue mafunzo ya kusoma kwa watoto 40, siku 3 kwa wiki, wiki 30, saa 2 kila kipindi. Hivyo ni vipindi 90, sawa na saa 180. Mkiwa na walimu 2, mtalipia saa 360 za kufundisha; kila mmoja akihitaji saa 1 ya maandalizi kwa wiki, ongezeni saa 60, jumla 420. Vitabu 3 kwa kila mtoto ni 120. Ongezeni 12 vya kufidia vitakavyopotea au kuchanika, viwe 132. Bei ya kila kitu itoke kwenye ankara kifani ya muuzaji, yaani karatasi ya bei anayoitoa kabla ya kuuza, na mwitunze hata kama haikuombwa.

Kuhusu vitafunio, wengi wataandika 40 mara 90, yaani sahani 3,600. Lakini kama kwenye maelezo mmesema mahudhurio yenu huwa asilimia 85, hitaji halisi ni sahani 3,060. Msomaji makini ataiona tofauti hiyo na kuanza kutilia shaka mistari mingine yote. Bajeti na maelezo lazima visemezane: kama maelezo yanataja ziara za kutembelea wazazi, nauli zake ziwemo kwenye bajeti, kama bajeti ina kompyuta, maelezo yaseme nani anaitumia na kwa kazi gani.

Mishahara si aibu. Kazi hufanywa na watu, na mradi usio na mtu anayelipwa kuusimamia huwatia wasomaji wasiwasi. Kosa ni kuweka mshahara wote wa mratibu anayetumia siku 1 kati ya 5 kwenye mradi huu. Wekeni asilimia 20, na mwoneshe asilimia 80 inalipwa na nani.

Kodi ya ofisi, umeme na mhasibu ni gharama za pamoja, nazo zina hesabu yake. Jumlisheni gharama za pamoja za mwaka mzima, mgawanye kwa jumla ya gharama za moja kwa moja, yaani zinazotumika kwenye kazi yenyewe kama vitabu na malipo ya walimu, za kazi zenu zote. Mkipata kwamba za pamoja ni 12 kwa kila 80 za moja kwa moja, kiwango chenu ni asilimia 15. Wakfu ukiruhusu 10 tu, ombeni 10, na ile 5 iliyobaki ioneshwe kwenye safu ya mchango wenu. Msiifiche kwa kupandisha bei ya vitabu. Atakayelinganisha ankara na bajeti ataigundua, na hapo mtakuwa mmepoteza imani, kitu kigumu kukirudisha kuliko fedha.

Safu hiyo ya mchango wenu ni ya maana sana kwa wakfu wa jamii. Wasaidizi 4 wa kujitolea, saa 1 katika kila kipindi kati ya vipindi 90, ni saa 360 za kazi. Zithaminini kwa malipo ya kawaida ya msaidizi wa mwalimu, si ya mkurugenzi, na mtunze daftari la mahudhurio yao. Chumba mlichopewa bure kithaminiwe kwa kodi ambayo mwenyewe angewatoza wengine, na barua yake iambatishwe.

Mwisho, mtu ambaye hakuandika bajeti aijumlishe upya kwa mkono. Fomula ya kompyuta iliyoacha mstari mmoja nje huharibu jumla bila kuonekana, na jumla isiyolingana na kiasi kilichoandikwa kwenye fomu ni sababu tosha ya ombi kuwekwa kando.

Fomu inauliza “matokeo” na sisi tumejaza idadi ya semina. Afisa amerudisha. Anataka nini? – Mratibu wa mradi

Semina ni kazi mliyoifanya. Afisa anataka kujua ni nini kitakachokuwa kimebadilika kwa walengwa, na mtajuaje. Katika mfano wa juu, vipindi 90 ni kazi. Matokeo ni kwamba watoto 28 kati ya 40 wataweza kusoma aya ya darasa lao bila kusaidiwa mwishoni mwa wiki ya 30. Ili kusema hivyo lazima muwapime wiki ya kwanza kwa aya ya ugumu uleule, kwa utaratibu uleule. Anayekumbuka kupima mradi ukiwa katikati hana pa kuanzia kulinganisha. Matokeo mawili au matatu yanatosha. Mkiahidi kumi, mtatumia muda mwingi kukusanya takwimu kuliko kufundisha.

Tumepata ruzuku, lakini mwalimu mmoja ameacha kazi na miezi miwili ya mshahara wake haikutumika. Tununue vitabu zaidi? – Mkurugenzi wa asasi

Msinunue kwanza. Fungueni barua ya makubaliano mtazame kifungu cha mabadiliko ya bajeti. Baadhi ya wakfu huruhusu kuhamisha sehemu ndogo kati ya mistari bila kuomba ruhusa, na zaidi ya hapo mnahitaji kibali cha maandishi. Andikeni leo: nini kimetokea, kiasi gani kimebaki, mnapendekeza kitumikeje, na ahadi ipi ya awali itaguswa. Maombi ya namna hii hukubaliwa mara nyingi yakija mapema. Yakija ndani ya ripoti ya mwisho, baada ya fedha kutumika, wakfu una haki ya kuzidai zirudishwe. Ruhusa ya simu haitoshi, maana afisa aliyeitoa anaweza kuwa ameondoka siku ya ukaguzi.

Tulinyimwa kwa sababu kiambatisho kimoja hakikufika, nasi tuna hakika tulikipandisha kwenye mfumo wa maombi wa mtandaoni. Tujikingeje awamu ijayo? – Katibu muhtasi

Sababu za kawaida ni faili kubwa kuliko mfumo unavyokubali, au ukurasa kufungwa kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Tumeni siku 3 kabla ya mwisho, msubiri barua pepe ya kuthibitisha, na isipofika ndani ya siku moja mwulize. Majibu ya fomu yaandikeni kwanza kwenye hati yenu wenyewe, mkihesabu herufi pamoja na nafasi, kwa sababu mifumo mingi hukata kinachozidi bila kuwaambia.

Kagueni pia kwamba jina la asasi kwenye cheti, kwenye akaunti ya benki na kwenye fomu ni lile lile, herufi kwa herufi. Tofauti ndogo tu huweza kuchelewesha malipo hata ombi likishapita. Akaunti ya kuingilia kwenye mfumo ifunguliwe kwa barua pepe ya asasi, isiwe ya mfanyakazi mmoja. Akiondoka nayo, mtapoteza nywila pamoja na maombi yote ya nyuma ambayo mngeweza kuyarejea.