Bimu inayonepa milimita 119: tafuta nodi isiyoshikana kabla ya kugusa tolaransi

Injinia mwenzangu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini bimu ndogo ya mita 12, inayovuka bimu kuu pale katikati, inanepa milimita 119 kwa mzigo wa 20 kN/m. Pili, kama kupandisha tolaransi ya kuunganisha nodi (umbali ambao programu huona nodi mbili, yaani pointi za kukutania memba kama bimu na nguzo, kuwa moja) hadi milimita 100 kutaondoa lile onyo la muundo usiotulia ambalo halijakoma tangu uingize mchoro wa DXF (faili la kubadilishana michoro ya CAD). Kwa swali la pili, tafadhali usifanye hivyo. Sababu yake itaonekana tukimaliza la kwanza.

Bimu yako ni milimita 200 kwa 450, na E ya zege (kipimo cha ukakamavu wa nyenzo) umeweka 30 GPa. Kama ingekuwa imeegemea bimu kuu, ingekuwa na nafasi mbili za mita 6, na momenti (athari ya kupinda) juu ya egemeo la kati ingekaribia wL²/8, w ikiwa mzigo na L urefu wa nafasi, yaani 90 kNm. Wewe umepata 360 kNm, tena katikati na upande wa chini. Hiyo ni wL²/8 ya mita 12 nzima. Piga pia fomula ya mnepo 5wL⁴/384EI (I hutokana na umbo la bimu) kwa mita 12 utapata milimita 119 zile zile. Kwa hiyo programu haina kosa lolote la hesabu: imepewa bimu moja ndefu isiyo na kitu cha kuiegemeza katikati. Kwenye skrini mistari miwili inavukana, lakini bila nodi ya pamoja hakuna nguvu inayohama kutoka mmoja kwenda mwingine.

Dawa ya hapo ni fupi, kutegemea programu ya uchambuzi wa miundo unayotumia. Kwenye STAAD.Pro chagua bimu hizo mbili, nenda "Intersect Selected Members", na uanze na chaguo la kuonyesha tu kabla ya lile la kukata. Kwenye SAP2000 tumia "Divide Frames" kwa chaguo la kukata zinapokutana. Kwenye ETABS pitia "Check Model" na usome orodha yake mstari kwa mstari kabla ya kuiruhusu irekebishe chochote.

Sasa lile onyo la muundo usiotulia. Chanzo cha kwanza cha kushuku ni mchoro wenyewe. Michoro mingi ya Nairobi hutoka kwa msanifu ikiwa bado imekaa kwenye kuratibu za upimaji ardhi za UTM (mfumo wa gridi ya ramani wa dunia), kanda ya 37 Kusini: mashariki karibu 257,000 na kaskazini karibu 9,857,000, kwa mita. Faili ikihifadhi tarakimu saba tu, kaskazini yako inaishia kwenye mita kamili na milimita zote zimepotea. Ndani ya AutoCAD hamisha makutano ya gridi A na 1 yaende 0,0, kisha endesha FLATTEN ili Z zote ziwe sifuri, halafu OVERKILL ifute mistari iliyolaliana. Mistari iliyolaliana ina hatari yake: bimu mbili mahali pamoja huhesabiwa uzito mara mbili na ukakamavu mara mbili, na hakuna onyo la kutotulia litakalokuambia.

Baada ya kuingiza upya, andika idadi ya nodi. Unganisha kwa milimita 1, hesabu tena, kisha milimita 5, na uangalie ni zipi zilizopungua na ziko wapi. Mimi sivuki 10 bila kutazama kila nodi kwa jicho.

Na hii ndiyo sababu ya kukataa 100. Kwenye ploti za futi 50 kwa 100, nguzo za pembeni hubanwa hadi mpakani na bimu hulazwa sawa na uso wa nje. Nguzo ya 350 na bimu ya 200 zikilingana usoni, mistari yake ya katikati imeachana milimita 75. Tolaransi ya 100 itaumeza mwachano huo. Ikiumeza kwenye ghorofa ya pili na kuuacha kwenye ya tatu, nguzo yako imeinama na inazalisha momenti ambazo hazipo kwenye jengo. Njia sahihi ni kupeleka nodi ya bimu katikati ya nguzo, kisha kuisogeza bimu kwa "Insertion Point" kwenye SAP2000 na ETABS au, kwenye STAAD, kwa "MEMBER OFFSET". Wala usijazie pengo kwa kipande cha bimu cha milimita 75. Ukikilinganisha na bimu ya mita 6, ukakamavu wake wa kuzunguka ni mara 80 na wa kusogea kando ni mara 512,000. Kitavuta momenti kubwa zisizo na maana na kuvuruga usahihi wa suluhisho zima.

Ukishasafisha, endesha uzito wa jengo peke yake, bila upepo na bila mzigo wa watu. Fungua jedwali la nguvu za mhimili na utafute nguzo ya chini inayovutwa badala ya kugandamizwa. Nguzo hiyo inaning'inia: haina egemeo. Hutokea sana Embakasi na South C, ambako udongo mweusi unaovimba hulazimisha misingi kushuka vina tofauti, halafu mtu akachagua nodi za usawa mmoja tu alipoweka maegemeo.

Kwenye STAAD soma faili la matokeo kuanzia juu. Maneno "THIS STRUCTURE IS DISJOINTED" yanamaanisha una vipande viwili au zaidi visivyoshikana. "INSTABILITY AT JOINT" ni ya kuogopwa zaidi, kwa sababu programu huongeza springi dhaifu hapo na kuendelea mpaka mwisho. Unapata michoro mizuri ya momenti kutoka kwenye muundo ambao ungeanguka.

Kisha endesha modi 12, yaani namna 12 ambazo jengo hutikisika lenyewe. Jengo la fremu za zege lenye kimo cha mita 30, kwa fomula ya Eurocode 8 (0.075 mara kimo kwa kipeo cha 0.75), lina kipindi (muda wa mtikisiko mmoja kamili) cha karibu sekunde 0.96. Ukiona modi ya kwanza ya sekunde 20, iendeshe kwa mwendo na kipande kilicholegea kitajionyesha chenyewe kikicheza peke yake. Lakini kumbuka kwamba diaframu ngumu (amri ya kuifanya sakafu nzima isogee kama kipande kimoja) huficha makosa: nodi isiyoshikana na bimu yoyote bado hushikwa kando na diaframu. Izime kwa jaribio hili.

Si kila kinachovukana kinafaa kuunganishwa. Bresingi za msalaba kwenye ghala zikikatwa katikati na kila kipande kikawa memba ya mvutano tu, nodi ile ya kati haina cha kuizuia kutoka nje ya ukuta wake, na hapo umejitengenezea kutotulia kupya. Ziache zipitane. Kwenye trasi (fremu ya pembetatu), ukiachilia momenti za memba zote zinazofika nodi moja, yaani ukizifanya zisipitishe momenti, nodi yenyewe inabaki ikizunguka bure. Acha kodi (memba ndefu za ukingoni) za juu na chini ziwe endelevu na uachilie zile za kati tu. Pulini (bimu ndogo inayobeba mabati ya paa) usiiachilie msokoto ncha zote mbili.

Slebu zilizogawanywa kuwa vipande vya sahani nazo hushikana kwenye pembe za vipande tu. Bimu inayopita ubavuni mwa sahani ya mita 1 bila nodi ndani yake haishiki chochote kati ya pembe hizo, kwa hiyo gawa bimu na slebu kwa mgawanyo mmoja.

Usiridhike na jumla ya maegemeo. Kwenye bimu yako mbovu kila ncha ilibeba 120 kN, jumla 240, sawa kabisa na 20 mara 12. Ikishikana, ncha zitabeba karibu 45 kila moja na bimu kuu karibu 150, kasoro kidogo kwa sababu nayo inanepa. Jumla bado ni 240. Kwa hiyo fungua mchoro wa shia (nguvu ya kukata) wa bimu kuu: penye makutano lazima uone mruko wa karibu 150 kN. Mstari ukipita hapo bila kuruka, bado hazijashikana.