Helvellyn kwenye joto la Aprili: lita moja ya maji haitoshi

Dada, umeuliza kama lita moja itatosha kupanda Helvellyn, mlima wa kaskazini mwa Uingereza, kutwa nzima Jumamosi, na utabiri unasema nyuzi 24. Haitoshi. Wala usitegemee kwamba umekulia Mombasa: ukishakaa Uingereza majira yote ya baridi, mwili husahau joto, na kulizoea tena huchukua wiki moja hadi mbili.

Beba lita tatu na kitu cha chumvi, karanga kwa mfano. Anza saa kumi na mbili asubuhi, vaa kofia pana. Kule juu hakuna mti wa kujikinga jua. Koti pia usiache: upepo wa kileleni, mita 950, ukikukuta na fulana iliyolowa jasho utatetemeka.

Ninachokuhofia zaidi ni ziwa la Ullswater mkishuka. Maji yanavutia, lakini Aprili bado ni baridi kali. Kujitosa ghafla hukata pumzi, na hata mwogeleaji hodari huzama. Loweka miguu tu ukingoni.

Mwenzako akianza kupepesuka au kuongea ovyo kwa sababu ya joto, mlazeni, mtandieni koti juu lifanye kivuli, mmwagieni maji, mpepeeni. Pigeni 999, ombeni polisi, kisha waokoaji wa milimani. Kama unatumia dawa za presha, zungumza na daktari kabla ya Jumamosi.