Mliberali wa mwaka gani, wa nchi gani?

SWALI: Kitabu kimoja kinasema waliberali wa Uingereza wa karne ya 19 walitaka serikali isiingilie biashara. Habari za Marekani zinawaita waliberali wale wanaotaka serikali itoe huduma zaidi. Ni nani amekosea? Nami nisomeje maandiko ya zamani nisipotoke?

JIBU: Hakuna aliyekosea, ndugu msomaji. Hata Uingereza kwenyewe maana iligeuka ndani ya chama kilekile: serikali ya Waliberali ndiyo iliyoleta pensheni ya wazee mwaka 1908 na bima ya taifa mwaka 1911. Marekani, Rais Roosevelt alijiita mliberali katika miaka ya 1930 huku akipanua kazi za serikali, na waliobaki na msimamo wa zamani wakaitwa wahafidhina. Australia mambo yalikwenda kwingine. Chama cha Liberal kiliundwa mwaka 1944 kushindana na Labor, chama cha wafanyakazi, hivyo kikakaa mrengo wa kulia, yaani upande wa wahafidhina.

Hapo ndipo penye ufunguo: lebo hupata maana kutokana na mpinzani. Denmark wana chama kiitwacho Venstre, yaani Kushoto, kilichoanzishwa mwaka 1870 kupinga kambi ya Kulia iliyotawaliwa na wenye mashamba makubwa. Baadaye wasoshalisti, yaani wajamaa, wakaingia bungeni wakiwa kushoto zaidi. Jina halikubadilika, lakini leo Venstre huhesabiwa mrengo wa kulia wa kati.

Kwa hiyo, ukikutana na lebo, anza na mwaka na nchi. Kisha tafuta walikuwa wakipingana na nani, halafu uangalie walivyopiga kura kuhusu kodi, ardhi na haki ya kupiga kura. Sehemu hii usiiruke hata kidogo, kwa sababu kura zilizoandikwa hazibadiliki kama majina. Angalia pia kama jina walijipa wenyewe au walibandikwa na maadui. "Tory" lilikuwa tusi, likitumiwa kwa majambazi wa Ireland, kabla ya wahafidhina wa Uingereza kulizoea.

Kosa linalowapata wengi ni kudhani chama chenye jina lilelile kina msimamo uleule. Chama cha Democratic cha Marekani kilikuwa, katika karne ya 19, ngome ya watetezi wa utumwa Kusini. Mwaka 1964 rais wa chama hichohicho, Johnson, alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi.

Unapoandika, taja jambo lenyewe: "waliopinga ushuru wa nafaka Uingereza, 1846" badala ya "waliberali" peke yake.